Tahadhari: Anapita muuza "unga wa soketi" Mwanga na Katubuka

Ndugu zangu wa Mwanga, Katubuka na Gungu hapa Kigoma, naandika haya kwa aibu, kwa sababu mimi mtu wa Ujiji, niliyekuzwa kwa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, nimeuziwa unga wa muhogo nizibie ukuta.

Ninaishi na mama yangu mzee, na soketi ya sebuleni kwangu ilikuwa na kasoro. Pembeni mwa boksi lake palibaki ufa unaopitisha kidole, na mijusi waliingia na kutoka watakavyo. Jumamosi ya wiki iliyopita alipiga hodi kijana mwenye ovaroli safi na tesita mfukoni. Alimpa Mama shikamoo huku amepiga goti, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakataa chai mpaka kazi iishe. Nani angemdhania vibaya mtu wa namna hiyo? Kisha akatoa kipande cheupe kikavu, akakiwashia kiberiti mbele yetu, njiti ikaungua hadi karibu na kidole chake, na kile kipande kikabaki na weusi wa moshi tu. "Mama, huu unga hauungui, hauliwi na mchwa, na umeme haupiti," alisema. Leo ninaelewa kwamba kipande kile kilikuwa jasi halisi, ambayo ina maji ndani yake na haishiki moto, lakini jasi haikuwa ndicho kitu alichokuwa akiuza.

Nilinunua paketi sita kwa shilingi 15,000 kila moja, yaani 90,000. Akaniomba maji yanayochemka na bakuli. Maji niliyachemsha mwenyewe, bakuli ni langu la jikoni, na alipokuwa akipanda kwenye stuli alinipa mwiko nimkorogee. Mkono wangu ukausikia mvuto ule ule wa ugali ninaousonga kila jioni, na bado sikushtuka. Nilimsifu hata kwa kuwa na dawa inayonata vizuri.

Siku ya tatu sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye soketi. Siku ya tano ukuta ulipasuka na sebule ikanuka uchachu. Mpwa wangu wa kidato cha pili alidondoshea paketi iodini ya vidonda, unga ukageuka buluu iliyokaribia weusi, akasema kwa upole ambao ulinichoma zaidi kuliko kicheko: "Shangazi, hii ni wanga."

Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alipofungua uso wa soketi, alikuta ndani ya boksi gazeti lililofinyangwa na kipande cha kiroba, vyote vimegusa nyaya, na ganda la waya mmoja limeanza kubadilika rangi. Alikaza boksi lililokuwa likicheza, akalowesha kingo, akajaza pembeni simenti na mchanga laini kwa tabaka mbili, ndani ya boksi hakutia chochote, na umeme hakuurudisha hadi kesho yake.

Mtu huyu asichukuliwe kama mwizi wa kuku. Anayesokota karatasi nyuma ya nyaya za volti 230, katika nyumba anamolala bibi asiyeweza kukimbia, ameiwekea nyumba hiyo kiberiti. Nataka akamatwe, arudishe fedha zangu, afungwe, na kabla ya kufungwa asonge paketi zake zote na kuzila bila mboga, nami nitamshikia bakuli kama nilivyomshikia siku ile.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Paketi hazikuwa na jina la mtengenezaji wala alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na tesita yake haikutoka mfukoni hata mara moja. Meni swichi hakuizima, akipaka uji wenye majimaji kwenye soketi yenye umeme, na nilipomuuliza alijibu kwamba dawa yenyewe ndiyo kinga.

Paketi mbili zilizobaki ninazo, pamoja na lile gazeti. Jumatatu asubuhi nakwenda polisi. Aliyeuziwa naye aje na zake, tuandikishe kwa pamoja.