Ziara ya Ukerewe: nyota 3 kati ya 5, Kitereza hayupo kabisa

Wikiendi iliyopita nimeenda Ukerewe na watu wa ziara wa hapa Mwanza, siku mbili. Meli safi, masaa matatu na kitu tukawa Nansio, msosi ndo usiseme, ugali wa muhogo na sato wa siku hiyohiyo.

Sema mi nilifuata kitabu. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza, Mkerewe wa hapohapo, kakiandika kwa Kikerewe akamaliza 1945, kikakosa mchapishaji miaka na miaka, akakigeuza mwenyewe Kiswahili, kikaja kutoka 1980 na yeye akafariki 1981, yaani inauma. Mule utakuta Ukerewe yote, kulima, kuvua, dawa za uzazi, mume anavyohangaika na pombe ya ndizi kwa wakwe ili arudishiwe mke. Sasa tumefika Bukindo kwenye ikulu ya mtemi namuuliza kijana anayetutembeza habari za Kitereza, ananiambia "dada huyo simjui". Simlaumu, hajaambiwa na mtu, lakini wenye ziara je?

Kule Canada kuna kisiwa kinaitwa Prince Edward Island, kwa riwaya moja tu ya 1908, Anne of Green Gables, watu wanatoka mpaka Japani kwenda Cavendish kuiona nyumba iliyompa mwandishi wazo, na serikali ndo inaitunza. Sisi riwaya tunayo, na ndizi zenyewe bado zipo shambani!

Jioni nikamsomea mama aliyetupikia zile kurasa za pombe, nilikuwa nimebeba nakala yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "mwanangu, bibi yangu alikuwa anakamua hivyohivyo", akaninyanyua twende nyuma ya nyumba akanionyesha ndizi zinavyoivishwa, majani ya kukamulia, unga wa mtama unapoingia, akawa anataja kila kitu kwa Kikerewe na mi narudia, giza likatukuta hukohuko. Hiyo haikuwepo kwenye ratiba wala sikuilipia, na ndo kitu pekee nilichowasimulia nyumbani.

Nimewaandikia wenye ziara wamlipe huyo mama awe anafanya hivyo kwa kila kundi, na Kagunguli alikosoma Kitereza waiweke kwenye ratiba. Wakikubali nalipia tena, safari hii na mama yangu mzazi.