Heir to the Empire ya Timothy Zahn: kama shujaa hafi, msomaji aogope nini?

Nianze na tatizo lenyewe manake ndo linaloua riwaya nyingi za aina hii. Mwandishi anakabidhiwa ulimwengu wa mtu mwingine, labda wa muvi, labda wa gemu au sirizi ya TV, anaambiwa haya andika, lakini wahusika wakubwa si wako, usiwaue, usiwaozeshe wala kuwaachanisha bila ruhusa, na ukimaliza tuwakute walivyokuwa. Msomaji naye anayajua yote hayo hata kabla hajafungua kitabu. Sasa shujaa akielekezewa silaha kichwani katikati ya sura ya tano, nani atashtuka? Mimi riwaya za sai-fai na fantasia zinazotokana na muvi na magemu nazipima hapohapo kwanza, sauti za wahusika na mambo mengine baadaye: mwandishi kaitoa wapi hofu yake, wakati kifo amenyimwa.

Kwa kipimo hicho bado sijaona inayoifikia Heir to the Empire, iliyotoka 1991, kitabu cha kwanza cha trilojia ya Thrawn kwenye ulimwengu wa Star Wars. Nimeisoma tena juzijuzi nikitaka kujua kama sifa zake ni za kweli au ni mapenzi ya utotoni tu, na jibu langu ni kwamba inasimama yenyewe, ingawa ina madoa na nitayataja.

Kwanza ujue Zahn alikuta nini. Kabla yake vitabu vya Star Wars vilikuwepo ila vichache. Alan Dean Foster ndiye aliyeandika riwaya ya muvi ya kwanza, ikatoka mwishoni mwa 1976, miezi kabla ya muvi yenyewe, kavani wakaweka jina la George Lucas. Kisha 1978 Foster akaleta Splinter of the Mind's Eye, hadithi iliyopangwa hivyo makusudi ili iweze kugeuzwa muvi ya bajeti ndogo endapo ile ya kwanza isingelipa. Ndo maana Han Solo, mmoja wa mashujaa wa muvi, hayumo kabisa, Harrison Ford anayemwigiza alikuwa bado hajasaini kurudi, na ndo maana karibu kila kitu kinatokea kwenye sayari moja iliyojaa ukungu, yaani hata mandhari yamebanwa na hesabu za pesa. Halafu Luke na Leia, mashujaa wengine wa muvi, wana kamvuto ka kimahaba ambako ukikasoma leo unajikunja, mana undugu wao ulikuja kutangazwa miaka mitano baadaye. Simlaumu Foster hata kidogo, ila pale ndo unaona wazi kazi ya kuandika kwenye nyumba ya watu inavyokuwa: kuta zinaweza kuhamishwa ukiwa bado ndani.

Zahn yeye hakuwa mtu wa kuokotwa. Alishasomea fizikia, alishashinda Hugo, tuzo kubwa ya sai-fai, 1984 kwa hadithi yake mwenyewe, na inaonekana kwenye namna anavyojenga vita, kila ujanja una sababu na kila sababu ameshaipanda sura mbili tatu nyuma. Hadithi inaanza miaka 5 baada ya muvi ya tatu, ya 1983. Dola, utawala wa kimabavu ulioshindwa kwenye muvi, imebaki vipande, Jamhuri Mpya ya waasi walioishinda inajaribu kujifunza kutawala, Leia na Han wameoana na Leia ana mimba ya mapacha. Mapema kabisa mzimu wa Obi-Wan, mwalimu wake, unamtokea Luke ndotoni kumuaga, kwamba hatarudi tena. Watu wengi wanaipita hiyo sehemu harakaharaka, mimi naiona ndo uamuzi wa kwanza wa mwandishi anayejua kazi yake. Kwa kurasa chache tu amemwondoa mzee wa ushauri, kuanzia hapo Luke akikwama amekwama kweli.

Halafu inakuja ile hatua ya pili ambayo kwangu ndo moyo wa kitabu. Kwenye sayari ya Myrkr kuna wanyama wanaitwa ysalamiri, wanakaa kwenye miti, na popote walipo ile Nguvu ya kimiujiza wanayoitumia Jedi, wapiganaji kama Luke, haifanyi kazi, inazimika kabisa. Luke anaangukia mikononi mwa wafanya magendo hukohuko. Unaona alichofanya? Kumuua Luke hawezi, basi amemvua kila kinachomfanya Luke awe Luke. Halafu akamtupa porini kwa miguu, na humo wamo wanyama wakali wanaowinda kwa kunusa hiyohiyo Nguvu, na mwenzake wa safari ni mwanamke ambaye anataka kumuua na hamfichi.

Huyo mwanamke ndo Mara Jade. Alikuwa mtumishi wa siri wa Kaisari, mtawala wa Dola, maisha yake yote yaliporomoka siku Kaisari alipokufa, na kwake yeye mwenye kosa ni Luke. Zile sura za msituni, wawili hawa wanatembea, hawaaminiani, kila mmoja anamhitaji mwenzake ili wapite salama, ni bora kuliko vita yoyote ya angani iliyomo humu. Na sababu ni ileile: Mara ni wa Zahn mwenyewe, hakuazimwa kwenye muvi, kwa hiyo kwake lolote linaweza kutokea, anaweza kufa, anaweza kubadilika, anaweza kusaliti. Hofu yote ambayo msomaji hawezi kuwa nayo juu ya Luke, Zahn ameihamishia kwa mtu ambaye hatima yake hatuijui. Nikisoma riwaya mpya ya namna hii siku hizi naanza kwa kumtafuta huyo mtu, nani humu hana bima, na kama kurasa mia zimepita sijamwona, mara nyingi kitabu kinabaki kuwa safari ya kuwasalimia watu tunaowajua.

Sasa Thrawn, adui mkuu wa kitabu. Admirali Mkuu wa Dola, ngozi ya bluu, macho mekundu yanayong'aa, anakaa gizani kazungukwa na picha za hologramu za sanaa za watu anaotaka kuwapiga. Hana Nguvu, hana upanga wa mwanga, hamkabi mtu koo akiwa mbali. Ana akili tu na subira. Karibu kila mara tunamwona kwa macho ya Kapteni Pellaeon, msaidizi wake, askari mzoefu anayejitahidi kumwelewa bosi na mara nyingi anachelewa hatua moja, na hiyo ni njia nzuri sana ya kuandika fikra za mtu mwenye akili kukuzidi, unamweka msomaji pembeni ya anayemtazama. Zaidi ya yote, msomaji anaujua mpango wa adui kabla mashujaa hawajaujua. Unawaona wanaingia mtegoni wakicheka na huwezi kuwaambia. Swali linatoka kwenye "watapona?" linakuwa "watagundua lini, na itakuwa imeshagharimu nini?", maana Jamhuri inaweza kupoteza meli, sayari, imani ya raia wake, na vyote hivyo ruhusa ya kuvipoteza Zahn alikuwa nayo.

Kuna kitu kidogo kuhusu Thrawn nakipenda mno. Baharia mmoja anaachia chombo cha Luke kitoroke, halafu badala ya kukiri anatupia lawama mafunzo aliyopewa, anauawa palepale. Unasema basi, ni Vader mwingine huyu, yule katili wa muvi anayeua wasaidizi wake wakikosea. Ila kwenye trilojia hiyohiyo huko mbele baharia mwingine anashindwa kazi karibu ileile, lakini alijaribu mbinu mpya ya kwake, na Thrawn anampandisha cheo. Hakuna anayekuhutubia kuhusu uongozi, matukio mawili tu yamewekwa mbali mbali na unamjua mtu.

Madoa sasa. Hii ya kusoma akili za taifa zima kwa kuangalia sanaa yao inavutia ukiikuta mara ya kwanza, pale mwanzoni anapowapiga Waelomin, jamii mojawapo ya galaksi, kwa sababu amejua hawawezi kuhimili shambulio lisilo na mpangilio, lakini ukiifikiria haishiki. Jamii ya mabilioni ya watu wanaofikiri namna moja? Wote? Haipo jamii ya hivyo na Zahn hajibu hilo. Ysalamiri nao, pamoja na kazi nzuri wanayofanya msituni, wamekaa kama kifaa kilichoundwa kwa ajili ya ploti, wanatokea pale tu wanapotakiwa. Leia kaonewa zaidi, sehemu kubwa ya kitabu ni kuwindwa na watekaji, anaponea, anahamishwa, wanamfuata tena, mpaka akifika kwa Wookiee, wale viumbe wakubwa wenye manyoya, kwenye sayari ya Kashyyyk ndo hadithi yake inapata uzito wake. Na jamani zile kauli za kwenye muvi zinazorudiwarudiwa ili tukumbuke tuko Star Wars, hazikuhitajika, sauti ya Han alishaipata vizuri bila hizo.

Kuna watu watakuambia usipoteze muda kwa sababu Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, ilitangaza vitabu hivi vyote vya zamani si sehemu ya historia rasmi tena, vikapewa lebo ya Legends. Mimi kwenye kupima kitabu hilo silipi maksi hata moja, si kwa kupanda wala kushuka. Hadithi ya kubuni haiwi ya uongo zaidi kwa sababu ofisi imebadili mawazo. Na ukiangalia, walichokifuta walirudi kukichukua, Thrawn akaletwa kwenye katuni ya Rebels 2016, Zahn mwenyewe akaitwa kumwandikia riwaya mpya 2017. Hata jina la mji mkuu wa galaksi, Coruscant, unalolisikia kwenye muvi ya 1999, lilitoka kwenye kitabu hiki. Star Trek ilipita njia hiyohiyo, jina la kwanza la mhusika wake Sulu, Hikaru, lilitoka kwenye riwaya ya Vonda McIntyre ya 1981 na likaja kutamkwa kwenye muvi 1991. Mtu anayesema vitabu hivi ni makombo ya muvi aviangalie tena.

Na wapo walioamua kuvunja ile sheria moja kwa moja. Vector Prime ya R.A. Salvatore, 1999, ilimuua Chewbacca, Wookiee rafiki wa Han, kweli, mashabiki wakawaka. Nilikisoma, kifo kile kimeandikwa vizuri, lakini kinakutikisa mara moja basi, baada ya hapo unarudi kuhesabu nani anafuata. Hofu ya Zahn inadumu zaidi mana haitegemei maiti.

Nani akisome: kama umeona muvi tatu za zamani tu, zinakutosha, huhitaji kingine chochote. Kama hujaziona utasoma na utaelewa, ila uzito wa Luke kupoteza Nguvu hautaupata. Kiingereza chake ni chepesi, sura hazichoshi, anakata sehemu pale unapotaka kuendelea. Kitu kimoja cha kujiandaa nacho, hiki kitabu hakiishi. Vita vya mwisho kwenye karakana za meli za Sluis Van vinamalizika na unapumua, halafu kurasa za mwishoni kabisa habari inafika kwamba Admirali Ackbar wa Jamhuri amekamatwa kwa tuhuma za uhaini, na kitabu kinafungwa hapo. Uwe na Dark Force Rising, kitabu cha pili, karibu kabla hujaanza.