Lenzi ya Sonara Mikononi mwa Mkusanyaji wa Singo za Soul: Uzoefu Wangu

Lenzi ninayoizungumzia hapa ni ile ndogo ya kukunja wanayoitumia masonara na wakata vito, inayokuza mara 10, yenye fremu ya chuma na ukubwa wa kuingia mfukoni pamoja na funguo. Niliinunua kwa pauni 18 katika duka la vifaa vya usonara hapa Birmingham, kwenye mtaa wa masonara unaoitwa Jewellery Quarter, nikiwa na kazi moja tu akilini: kutofautisha santuri halisi za muziki wa soul wa Marekani wa miaka ya 1960 na nakala bandia. Nimeitumia kwa miaka kadhaa sasa, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachomlinda mnunuzi kama hiki, ilimradi ajue anachokitafuta.

Kwa msomaji ambaye hajaingia katika ukusanyaji huu, ni vyema nieleze kwanza kwa nini nakala bandia ni nyingi kiasi hiki. Kampuni ndogo za Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles zilitoa singo, yaani santuri za inchi 7 za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo nyingi hazikupigwa redioni na zikaishia maghalani. Miaka michache baadaye vijana wa kaskazini mwa Uingereza walizipenda nyimbo hizo hizo, wakazicheza usiku kucha katika kumbi kama Twisted Wheel ya Manchester na baadaye Wigan Casino, iliyodumu kutoka 1973 hadi 1981, na muziki huo ukapewa jina la Northern Soul. Watu elfu moja wakitaka santuri iliyobaki nakala chache, lazima atokee wa kuichapisha kwa mlango wa nyuma. Singo ya Frank Wilson ya mwaka 1965, iliyopangwa kutolewa na Soul, kampuni tanzu ya Motown ya Detroit, kwa namba 35019, ilichapishwa kimagendo miaka ya 1970 kwa jina la kubuni la Eddie Foster. Nakala yake halisi iliuzwa mwaka 2009 kwa pauni 25,742.

Mambo hayo yana matokeo ambayo wanunuzi wengi hawayatilii maanani. Nakala bandia iliyotengenezwa enzi za Wigan sasa ina umri wa karibu miaka 50. Karatasi ya lebo yake imeshageuka rangi, mfuko wake umechakaa, na jina la mmiliki wa zamani limeandikwa kwa kalamu ya wino pembeni. Uzee, kwa hiyo, si ushahidi wa chochote, na muuzaji anayekuonyesha uchakavu kama hoja hajakuonyesha kitu. Ushahidi uko kwenye ukanda mtupu unaong'aa kati ya mwisho wa muziki na lebo, na hapo ndipo lenzi inapoanza kazi.

Kwenye ukanda huo viwanda na studio vya Marekani viliacha alama zao. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kiliweka herufi MR ndani ya duara, pamoja na pembetatu ndogo inayofuatwa na tarakimu za mfululizo. Kiwanda cha Owosso, Michigan, ambacho kilifanya kazi nyingi za Motown, kiligonga herufi ARP. Studio ya Bell Sound ya New York iligonga jina lake kamili, na santuri nyingi za kusini mwa Marekani zina maneno Nashville Matrix. Ukiacha ile pembetatu na tarakimu zake, ambazo kwa kawaida zilikwaruzwa kwa mkono, alama hizi ziligongwa kwa mhuri wa chuma. Aliyetengeneza nakala bandia hakuwa na mhuri huo, hivyo mara nyingi alikwaruza namba kwa mkono tu, au alijaribu kuiga mhuri kwa ncha ya chuma.

Tofauti hiyo kwa macho matupu hupotea kabisa, hasa katika mwanga hafifu wa ukumbi. Kwenye maonyesho ya santuri jijini Manchester nilikuta singo ileile kwenye meza mbili, zote zikitajwa kuwa halisi, na bei ya ya pili ikiwa chini kidogo kiasi cha kushawishi. Niliomba ruhusa nikazitazama zote mbili. Kwenye ya kwanza, maneno Nashville Matrix yalikuwa na herufi za kimo kimoja, zimekaa kwenye mstari mmoja, kina chake ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na sehemu ya chini ya kila mchoro ilikuwa bapa. Kwenye ya pili maneno yalikuwa yaleyale, lakini herufi A mbili hazikufanana, mstari ulipanda kidogo kuelekea kulia, kingo za mikwaruzo zilikuwa zimeinuka, na mwisho wa herufi X palikuwa na uzi mwembamba mahali ambapo ncha iliteleza. Mtu aliandika kwa mkono kile ambacho kingepaswa kugongwa na mhuri. Muuzaji wa pili alipotazama mwenyewe kupitia lenzi, aliiondoa santuri ile mezani bila ubishi, na nilimheshimu kwa hilo.

Hata hivyo naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu limewaponza wengi: maandishi ya mkono peke yake hayaifanyi santuri kuwa bandia. Kampuni nyingi ndogo zilikwaruza namba zao kwa mkono tangu siku ya kwanza. Swali la kujiuliza ni kama toleo hilo mahususi lilipaswa kuwa na mhuri au mkwaruzo, na jibu hulipati kwenye lenzi bali kwenye kumbukumbu za wakusanyaji. Mimi hutumia hazina za mtandaoni za Discogs na 45cat, ambako watu hupakia picha za lebo na kunakili kila alama ya kwenye ukanda ule. Taarifa hizo huingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo ni busara kulinganisha zaidi ya chanzo kimoja kabla ya kutoa fedha nyingi.

Baada ya ukanda huo huhamia kwenye lebo. Kampuni nyingi zilikuwa na lebo zilizochapwa mapema zenye nembo na rangi ya kampuni, kisha jina la wimbo na la msanii likachapwa juu yake kwa kila toleo jipya. Chini ya lenzi unaona tabaka hizo mbili: wino wa maandishi umekaa juu ya rangi ya nembo, na rangi yenyewe ni nzito na imejaa. Aliyeghushi kwa kupiga picha lebo halisi hulazimika kuchapa vyote kwa pamoja, na mara nyingi rangi huvunjika kuwa vinukta vidogo vilivyopangwa kwa safu, huku matundu ya herufi kama e na a yakiwa yamezibwa na wino. Hili ndilo jambo ninalolifurahia zaidi katika kazi yote, kwa sababu vinukta hivyo havihitaji mjadala.

Lenzi husaidia pia kutambua malighafi, jambo ambalo sikulitarajia. Singo nyingi za Monarch na za viwanda vya kampuni ya Columbia hazikuwa za vinaili, plastiki ya kawaida ya santuri, bali za stairini, plastiki ngumu na nyepesi inayoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Lebo ya karatasi ya santuri ya stairini hugundishwa baadaye, hivyo ukitazama ukingo wake karibu na tundu kubwa la katikati utaona karatasi imekaa juu ya plastiki na pengine imeanza kuinuka. Kwenye vinaili lebo hugandamizwa pamoja na santuri, na nyuzi za karatasi huonekana zimezama. Ukifahamu kwamba toleo fulani lilitoka kwa stairini pekee, nakala ya vinaili inapaswa kukutia shaka papo hapo. Kinyume chake si kinga kamili, kwani baadhi ya nakala bandia za Marekani nazo ni za stairini. Msijaribu kukunja santuri kupima ugumu wake, stairini huvunjika. Kuigonga kwa upole kwa ukucha kunatosha: stairini hutoa mlio mkavu na wa juu, vinaili hutoa mlio mzito uliofifia.

Kuna jambo moja ambalo lenzi haiwezi kabisa, nalo ni sauti. Nakala bandia nyingi zilirekodiwa kutoka kwenye santuri nyingine, na ukizipiga utasikia mchakacho wa sindano ya zamani ukianza kabla ya ala ya kwanza, hata kama santuri uliyoshika haina mkwaruzo hata mmoja. Palipo na kinanda cha santuri, omba upigiwe sekunde chache za mwanzo.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe. Lenzi yangu ina taa ndogo kuzunguka kioo, na mimi huizima karibu kila wakati. Mwanga unaotoka moja kwa moja juu hufuta vivuli, na bila vivuli mikwaruzo myepesi haionekani. Tochi ya simu iliyoshikwa pembeni, karibu sambamba na santuri, inafaa zaidi. Ukuzaji wa mara 10 unakutaka ukae kiasi cha sentimita 2.5 kutoka kwenye santuri, na mkono huzoea haraka. Nilijaribu pia lenzi ya bei nafuu iliyotangazwa kuwa ya mara 60. Eneo lake la kuonea ni finyu mno, huwezi kuona neno zima kwa mara moja, na picha hutikisika kwa kila pumzi. Ilikuja na taa ya urujuanimno ambayo matangazo huisifu kwamba inafichua karatasi mpya, lakini karatasi zenye kemikali za kung'arisha zilikuwapo tayari kabla ya miaka ya 1960, kwa hiyo lebo kung'aa au kutong'aa hakuthibitishi jambo kubwa.

Kwa ununuzi wa mbali lenzi haina nafasi hadi kifurushi kifike, na ndiyo maana huomba kwanza picha ya ukanda ule, pande zote mbili, ikiwa imepigwa kwa mwanga wa pembeni. Wauzaji makini hutuma siku hiyohiyo. Muuzaji mmoja alinijibu kwamba neno lake linatosha. Sikununua kwake, na singo niliyoitaka nilikuja kuipata kwingine ikiwa na alama ya ARP iliyo wazi kabisa.

Anayependa muziki wenyewe bila kujali umiliki wa nakala halisi hana haja ya gharama hizi zote, kwa kuwa zipo kampuni zinazotoa upya nyimbo hizi kihalali, ikiwemo Kent ya jijini London iliyoanza mwaka 1982. Kwa anayekusanya, iwe Ulaya au kwenye vibanda vya santuri vya Kenyatta Market jijini Nairobi, nashauri anunue lenzi ya mara 10 yenye vioo vitatu vilivyounganishwa, ambayo huonyesha picha bila kupinda pembeni wala kuweka rangi za uongo kwenye kingo za herufi. Masonara na mafundi saa wa mji wowote wataijua ukiwaeleza.