Samaki mzuri, nyimbo za Noeli kupita kiasi: jioni moja Kamalondo

Mgahawa ninaouandikia hapa uko Kamalondo, mjini Lubumbashi, na jina lake nitaliacha kando kwa sababu nina lawama nao, lawama ambazo zingeweza kuiangukia migahawa mingine mingi ya mji huu kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba hadi Bonane, yaani Mwaka Mpya. Nilikula pale Jumamosi moja kabla ya Noeli pamoja na watu wawili ninaofanya nao kazi: mmoja ni Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka Kasongo, Maniema, na mwingine ni mama Mkatoliki anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya paruwasi yake. Mimi sina dini. Katika mji ambao mtu mliyekutana naye sasa hivi hukuuliza jina lako, kwenu ni wapi, kisha "unasali wapi?", jibu la "sisali popote" huleta kimya kifupi mezani, na wengi huniita mpagani bila ubaya wowote moyoni. Nimeyasema haya mapema ili msomaji ajue ni masikio ya nani yaliyosikiliza.

Chakula kwanza, kwani ndicho kilichotupeleka. Tilapia wa kuchoma aliletwa akiwa bado anatoa moshi, ngozi imekauka vizuri, nyama ya ndani haijakauka, na pilipili imewekwa kando katika kibakuli badala ya kumwagwa juu yake kana kwamba mpishi ana jambo la kuficha. Bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa laini bila madonge. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa na karanga za kutosha. Kwa kuwa mvua zimekwisha kukolea, kulikuwa pia na uyoga wa porini uliopikwa kwa nyanya, na huo peke yake ungetosha kunirudisha pale. Samaki mmoja mkubwa aliyetutosha watu watatu alitugharimu franka 45,000, bei ambayo si ya chini, lakini si ya kulalamikia.

Muziki ulianza saa kumi na mbili jioni, kutoka katika kipaza sauti kilichotundikwa juu ya mlango wa jikoni. Ulikuwa umejazwa katika flashi moja, na flashi hiyo ilikuwa na tabia ambayo mtu yeyote aishiye Lubumbashi ataielewa: kila umeme ulipokatika na jenereta kuwashwa, orodha ilianza tena kutoka wimbo wa kwanza. Umeme ulikatika mara tatu. Kwa hiyo tulimsikia mwimbaji Mfaransa Tino Rossi akimwomba Papa Noël, mzee wa zawadi za Noeli, asisahau kiatu chake kidogo mara nne, na nyimbo zilizokuwa mwishoni mwa orodha hatukuzifikia kabisa. Wimbo huo ni wa mwaka 1946, na ndani yake kuna mtoto anayemhurumia mzee huyo kwa baridi atakayoipata nje usiku. Mezani petu tulikuwa tukijipepea kwa karatasi ya orodha ya vyakula.

Watu wengi hudhani kwamba asiyeamini hukereka na nyimbo za Noeli kwa sababu zinamtaja Mungu. Kwangu mimi ni kinyume chake, na jioni ile ilinithibitishia. Nyimbo zilizonichosha ni zile ambazo Mungu hayumo ndani yake hata kidogo, yaani za theluji, za kengele za farasi, na za mpenzi aliyemwacha mwenzake Desemba iliyopita. Ule wa kengele, ambao Wafaransa waliutungia maneno yao ya upepo wa baridi, ulichapishwa Marekani mwaka 1857 na James Lord Pierpont, na neno Noeli halimo katika maneno yake ya Kiingereza. Ni wimbo wa vijana wanaokimbiza farasi juu ya theluji. Kuuimba Katanga wakati maembe yanaanguka yenyewe uani hakumuudhi mwamini wala mpagani, lakini pia hakumwambii yeyote jambo lolote.

Wimbo mmoja wa theluji nauondoa katika lawama hii, nao ni ule wa Noeli nyeupe aliourekodi Bing Crosby mwaka 1942. Aliyeutunga ni Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi, ambaye mwanawe mchanga wa kiume alifariki siku ya Noeli mwaka 1928. Nilipowaeleza wenzangu, mama wa kwaya aliacha kula kidogo na kusema kwamba sasa anaelewa kwa nini wimbo ule una huzuni ambayo maneno yake hayaitaji. Mji wetu nao una sinagogi, waliyoijenga Wayahudi wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, na nimewahi kujiuliza ni nyimbo gani zilizowafikia watu wale madukani mwao kila Desemba, na kama waliwahi kujua kwamba mojawapo ilitungwa na mtu wa dini yao.

Kisha ukaja ule wa usiku wa manane, *Minuit, chrétiens*, na hapo niliweka kijiko chini. Maneno yake yaliandikwa na Placide Cappeau, mfanyabiashara wa mvinyo wa Roquemaure, kusini mwa Ufaransa, na muziki ukatungwa na Adolphe Adam mwaka 1847. Kuna ubeti unaosema kwamba palipokuwa na mtumwa sasa anaonekana ndugu, na kwamba minyororo imekatwa. Siamini kwamba mtoto aliyezaliwa Bethlehemu alikuwa Mungu, lakini sijui mtu wa Kongo anayeweza kuusikia ubeti huo kama anavyosikia tangazo la sabuni. Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza ambaye hakuna anayemshuku kuwa na imani, amesema waziwazi kwamba hupenda kuimba nyimbo za Noeli pamoja na watu wengine. Namwelewa. Anayependa msikiti kwa usanifu wake halazimiki kutoa shahada, na mimi ninayependa wimbo huu sijamdanganya mtu.

Mwenzangu Mwislamu alikuwa na mpaka ulionyooka kuliko wangu. "Isa bin Mariamu ni nabii wangu pia," alisema, "na Kurani ina sura nzima yenye jina la mama yake. Wakiimba kwamba amezaliwa, hainisumbui. Wakifika pale pa kumwita Mungu, mimi nashughulika na samaki." Na ndivyo alivyofanya usiku mzima, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzoea, huku akituambia kwamba nyumbani kwao wajomba wawili hawakubaliani juu ya jambo hili hili, mmoja akizima redio na mwingine akiongeza sauti. Hata Wakristo wenyewe hawana Noeli moja. Wakimbangu, ambao mwanzilishi wao Simon Kimbangu alifia gerezani katika mji wetu huu tarehe 12 Oktoba 1951 baada ya kifungo cha miaka 30, huiadhimisha tarehe 25 Mei. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi kabisa.

Hilo la Mashahidi linanifikisha kwenye lawama yangu ya kwanza, ambayo kwa hakika si yangu. Kijana aliyetuhudumia (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike) alikuwa akiinama kila alipopokea sahani, kwa sababu kile kipaza sauti kilikuwa kiko juu ya kichwa chake hasa, na kila mteja alilazimika kurudia agizo lake. Nilipomtania kwamba hadi Bonane atakuwa amezikariri nyimbo zote, alitabasamu na kusema kwa sauti ya chini: "Papa, mimi si mtu wa Noeli." Imani yake haimruhusu kuisherehekea. Anaingia kazini saa kumi, anatoka saa tano usiku, siku sita kwa wiki, na kwa mwezi mzima anasikia flashi ile ile ikianza upya kila jenereta inapowashwa. Mimi nikichoka, nalipa na kuondoka. Yeye akichoka, anapeleka bia meza ya saba. Sikumsikia akinung'unika. Alisema tu kwamba amejifunza kuyasikia maagizo na kuyaacha mengine yapite, ila kuna siku nyimbo humfuata hadi usingizini. Anayesimamia muziki mahali pa kazi angefikiria kwanza walio jikoni na mlangoni, ndipo afikirie sisi tuliokuja kwa saa mbili.

Lawama ya pili ni yangu kabisa. Saa mbili na nusu mama mwenye mgahawa alishika maikrofoni, akatusalimu kwa ukarimu, akaomba taa zipunguzwe na watu wote wasimame, wawashe simu zao, waimbe *Douce nuit*. Mama wa kwetu alisimama mara moja, akaingia na sauti ya pili, na nakiri kwamba kwa dakika ile meza yetu ilikuwa na muziki bora kuliko kipaza sauti. Mwenzetu wa Kasongo alibaki ameketi, mikono juu ya meza. Mimi nilisimama nusu, kama mtu anayetafuta pochi iliyomwangukia, kisha nikaketi tena kwa sababu nilijiona ninaigiza. Jirani wa meza ya pili alituinamia akauliza kwa mzaha: "Papa, muko balozi?" Wasomaji wa Dar es Salaam watadhani alituheshimu, kwetu huku balozi ni wachawi. Tulicheka sote, naye akacheka, na hakuna aliyekasirika, lakini mzaha ule ulikwisha kutuweka upande mmoja na ukumbi mzima upande mwingine.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliketi katika chumba chenye mti mdogo wa Noeli, au kisicho nao, kisha wakaulizwa wanajisikiaje. Wasioadhimisha Noeli walijisikia vibaya zaidi mti ulipokuwapo. Nilikuwa nikiona jambo hilo kuwa ni unyonge wa watu wa nchi zenye starehe, na bado naona kwamba mti peke yake usingenifanya lolote. Lakini nilipokuwa nimeketi pale na ukumbi wote umesimama, nililielewa kwa mgongo na mabega kabla ya akili. Kusikia wimbo ni jambo moja. Kuombwa mbele ya watu kuuimba wimbo ambao ni sala ni jambo lingine kabisa, na mwenyeji anayeomba hivyo huwa hajui amemuuliza mgeni wake swali lile lile la "unasali wapi?", safari hii kwa maikrofoni.

Nisieleweke vibaya: sitaki nyimbo hizi zizimwe. Mwaka 1974, katika Zaire ya Mobutu, Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na marehemu baba alikuwa akituambia jinsi alivyokwenda kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote, kisha jioni watu wakaimba nyumbani kwa sauti kubwa kuliko miaka ya nyuma. Amri ile haikumpunguzia mtu imani, na mtu kama mimi hakuambulia chochote.

Nilipokwenda kulipa nilimweleza mama mwenye mgahawa haya mawili, kwa adabu, baada ya kumsifu samaki wake. Kuhusu kipaza sauti alikubali upesi, akasema fundi atakihamishia upande wa barazani. Kuhusu kusimama alishangaa kweli. Alidhani anawapa wateja furaha, na aliongeza kwamba Desemba iliyopita aliacha kuweka nyimbo za Noeli siku mbili tu, wateja wakamuuliza kama amefiwa. Akaniuliza basi mimi ningependa kusikia nini. Nilimwambia kwamba kama ni nyimbo za kanisa, atuwekee zilizozaliwa kwetu, kwa mfano *Missa Luba*, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na wavulana na walimu wao chini ya padre Mfransisko Guido Haazen, misa ya Kilatini juu ya ngoma na sauti za Kongo, ambayo imezunguka dunia wakati sisi huku tunamsikiliza Tino Rossi mara nne. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Sasa, Papa," alisema, "mpagani ndiye anayeniagiza misa?"

Alinipunguzia franka elfu mbili, nadhani kwa ajili ya kicheko. Kwa samaki na uyoga naupa mgahawa huu alama nne kati ya tano, kwa wahudumu tano, kwa muziki mbili. Anayetaka kula kwa utulivu kabla ya Bonane afike mapema, saa kumi au kumi na moja, na aombe meza ya uani chini ya mwembe, ambako sauti hufika ikiwa imechujwa na majani. Uyoga huisha upesi, kwa hiyo auagize kabla ya kuketi.