Vuta N'kuvute: inaenda taratibu ila usiizime

Nimeimaliza Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021, shemeji alikuja nayo kutoka Dar kwenye flashi maana huku Mtwara muvi za aina hii ukisubiri zikufuate utazeeka. Wale tuliosoma Kiswahili A-level jina tunalijua vizuri, ni riwaya ya Shafi Adam Shafi, tulikaririshwa dhamira na wahusika mpaka kitabu chenyewe ukakichoka. Halafu nilikuwa nasikia ilionyeshwa Toronto, Tanzania ikaipeleka Oscar, ya pili tu baada ya Maangamizi mwaka 2001, nikajisemea basi hii itakuwa ya wazungu wa matamasha, sisi tutalala.

Na kiukweli shemeji alilala. Dakika ya ishirini hivi, mdomo wazi.

Ila mimi ilinishika. Kama umezoea bongo muvi zetu ambazo mtu akilia kinanda kinalia naye na mbaya wa stori anaeleza mpango wake wote kwenye simu, hapa utahangaika kidogo, watu wanakaa kimya, kamera inabaki usoni tu, wewe mwenyewe ndo uelewe. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, Yasmin binti wa Kihindi anakimbia ndoa ya kulazimishwa na anakutana na Denge kijana wa harakati za uhuru, basi mapenzi na siasa vinaanza kuvutana hapohapo. Ikhlas Gafur Vora anayecheza Yasmin haongei sana lakini macho yale jamani! Mama watoto alikuwa anamenya korosho kwenye sinia, anaangalia nusunusu, kufika sehemu fulani ya hao wawili mkono ukasimama kabisa na korosho iko kwenye vidole, nikajua tayari na yeye kanasa.

Ila aliyeniua mimi ni Mwajuma. Ndo Siti Amina, ni mwimbaji wa kweli huyu, kwa hiyo taarab humu haijabandikwa kama pambo, na akiwepo yeye Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja anakokaa, inachangamka, utani, maneno ya pembeni, ule urafiki wake na Yasmin unauamini kuliko hata mapenzi yenyewe. Ningekuwa mimi mwongozaji ningempa nusu ya muvi.

Kinachonikera ni Denge. Gudrun Columbus Mwanyika kacheza vizuri sina neno, tatizo ni alichopewa. Kwenye kitabu Denge ni msomi aliyerudi kutoka Urusi, ana hoja, anabishana, polisi wanamwinda ukurasa hadi ukurasa na wewe unaogopa naye, humu siasa yake imekuwa nyembamba, unaona anapigania uhuru ila hasira yake imetoka wapi hupati vizuri. Najua kitabu kina mizunguko mingi, mzee Raza aliyeozeshwa Yasmin, habari za Mombasa, mjomba anayemfukuza Yasmin, na saa moja na nusu haiwezi kubeba vyote, sawa, lakini hapo kwa Denge wangeongeza hata dakika kumi. Wenye watoto form six msiwaachie hii wakaona wameshasoma, wasome kitabu, mtihani hauulizi muvi.

Kingine sauti, kuna maongezi ya chinichini na ukiweka spika ndogo ya kompyuta unapoteza maneno, hasa kile Kiunguja cha harakaharaka. Vaa earphone.

Picha ndo usiseme. Vichochoro vya usiku, kuta zilizobabuka, taa zile za manjano, nikawa nawaza majumba yetu ya mawe ya matumbawe pale Mikindani yanaanguka moja moja na hakuna aliyewahi kuja na kamera ya maana, wakati huku nako Mwingereza alifanya vituko vyake, ule mradi wa karanga wa Nachingwea pekee ni muvi nzima, walijenga bandari na reli halafu karanga zenyewe zikagoma. Shivji kama unasoma, njoo, samaki tutakukaangia.

Nimeipa 8 kwa 10, zile mbili ni za Denge na sauti. Sasa natafuta T-Junction, ya huyohuyo Shivji ya nyuma kidogo, nimeuliza kwa wauza muvi wote wa mjini hapa kila mmoja ananiletea ya Kikorea iliyotafsiriwa na DJ. Mwenye nayo aniambie anaipata wapi.