Taa za sola, nyasi bandia, pevingi: nini kinafaa mbele ya nyumba yako?

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo ndani hatuingii kabisa, tunabaki nje, kuanzia getini mpaka mlango wa sebuleni, maana meseji mnazonitumia ni zilezile, nimehamia kwangu, ndani kuzuri ila mbele bado kama saiti, ninunue nini papendeze mgeni akifika. Na vitu ambavyo watu wengi hapa Dar wanakimbilia ni taa za sola, nyasi bandia na pevingi, yale matofali ya kutandaza chini, kwa hiyo tunavichambua hivyo, halafu naongeza kimoja ambacho dukani hukipati.

Taa kwanza, kwa sababu hapa ndo watu wanapigwa. Hii niliyoshika ni ile ya kufunga ukutani na paneli yake pembeni, boksi limeandikwa wati 300. Haya tupige hesabu, ni kugawanya na kuzidisha tu. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza umeme kama asilimia 20 ya hizo, yaani wati 200. Sasa hii paneli ina sentimita 35 kwa 30, hapo ni kama sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo ikijitahidi sana, jua liko utosini na vumbi hamna, inatoa wati 20 hivi. Ipe masaa matano ya jua zuri, halafu umeme huo uugawe kwa masaa 12 ya usiku, unabaki na wati nane. Nane jamani! Hizo 300 zimetoka wapi mimi sijui, labda aliyechapa boksi anajua.

Ila msiniwekee maneno mdomoni, sijasema taa ni mbovu. Wati nane za LED zinatosha kabisa kuonyesha ngazi na mtu aone tundu la funguo, tatizo ni pale unapolipia 300. Ukifika dukani achana na maandishi makubwa, angalia ukubwa wa paneli kwa macho yako, uliza aina ya betri, ikiwa ile ya lithiamu inayoandikwa LiFePO4 ni nzuri zaidi maana inavumilia kuchajiwa mara nyingi sana, na pawe na alama ya IP65, hiyo inamaanisha vumbi haliingii na mvua haiisumbui. Halafu rangi. Chukua 3000K, ile yenye unjano, sio 6500K nyeupe pee kama wodini. Mgeni anafika amechoka na foleni ya Mbagala unampiga na mwanga machoni, hapo hujamkaribisha, unamhoji. Taa imulike chini, njiani, isimulike uso wa mtu. Na kama ina sensa ya kuhisi mtu iweke ififie kidogo kukiwa kimya, iwake yote mtu akikaribia, betri itakushukuru.

Nyasi bandia sasa, najua hapa tutagombana. Zinauzwa kwa mita ya mraba, urefu wa jani unaanzia kama milimita 10 mpaka 40, na kwenye picha zinapendeza, sikatai. Lakini hii ni plastiki mwanangu. Nyasi ya kweli inapoza kwa sababu inatoa maji kupitia majani yake, plastiki haina maji ya kutoa, inanyonya joto tu, ndo maana saa saba mchana mwezi wa kwanza ukivua ndala ukakanyaga utarudi mbio. Kuna mtu ataniambia mbona viwanja vya mpira vya Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana Mwanza wameweka, sawa, wale wanacheza na viatu, wewe una mtoto anatambaa. Kibarazani chini ya paa au kwenye ukuta, weka, hata mimi nakuunga mkono, ila kabla hujalipa ligeuze hilo zulia uone kama lina matundu ya kupitisha maji, na uvute nyuzi mbili tatu, zikikubaki mkononi rudisha. Sehemu inayopigwa jua mchana kutwa panda nyasi za kweli, pasipalamu, au ukoka kama maji ni ya shida, ukishashika unavumilia sana.

Pevingi sina mengi. Gari linapita, chukua unene wa milimita 60, watu tu hata nyembamba zinatosha, fundi ashindilie chini kwa mashine sio kwa kukanyaga na buti, na aache mteremko wa kama sentimita mbili kila mita moja, maji yakimbie mbali na nyumba. Na msiipige pevingi kiwanja chote jamani, masika ikija maji hayana pa kuzama yanaenda kwa jirani, hapo mnaanza kutosalimiana.

Kwenye vyungu vya maua nina neno moja tu, toeni vile visahani vya chini au mvimwage maji mara kwa mara. Mbu wa dengue anapenda maji yaliyotuama namna hiyohiyo, na dengue ilivyotutesa hapa Dar 2014 na 2019 tunakumbuka.

Haya, hicho cha nne. Baraza. Nenda Mji Mkongwe Unguja uangalie, mtu hana bustani wala nyasi, mlango unatokea moja kwa moja kichochoroni, ila kuna benchi la saruji limeshikana na ukuta na watu wamekaa wanapiga stori na kahawa. Lamu ndo kabisa, wana daka, kile kisehemu cha mlangoni chenye viti vya mawe huku na huku, mgeni anapumzika hapo kabla hajaingia. Sisi huku tunajenga ukuta mrefu, geti la chuma, halafu mgeni anasimama juani anapiga simu afunguliwe.

Gharama ya baraza ni tofali, saruji na siku za fundi. Urefu kutoka chini sentimita 45, upana wa kukalia 45 mpaka 50 ili mtu mzima aegemee vizuri, kona zizungushwe watoto wasijigonge, na juu paelekezwe mbele kidogo sana maji ya mvua yasitulie. Kando yake panda asumini, harufu yake jioni mtaa mzima unaijua. Ukiwa na nafasi ndogo jenga upande mmoja tu, ule unaopata kivuli mchana, na taa yako ya wati nane ifunge pembeni ya benchi, sio juu ya kichwa cha mtu, wadudu watamwangukia kwenye chai.