Kozi ya ushauri nasaha Mwanga, Kigoma: nimeimaliza juzi
Wiki 2 zimeisha na hela yangu haijaenda bure, ila kuna kitu. Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi, tumempitia mbiombio, Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ndo tukakaa naye, yani yeye anasema mshauri awe mkweli, amkubali mteja kama alivyo na aone jambo kama mteja anavyoliona. Utamu sasa ni mazoezi ya wawili wawili, mi nikajifanya mke wa mvuvi, mwenzangu kabla hata sijamaliza kaanza "dada we vumilia tu", mwalimu akamkatisha hapohapo, nyamaza kwanza msikilize. Kile kimya acheni tu, nikajikuta nalia kweli. Ubaya: watu 40 chumba kimoja, feni mbovu, halafu wanafundisha usiri mlango wazi, muuza samaki wa migebuka nje anasikia kila kitu.